Tuta lisilo na sakafu halimzuii fuko

Kiazi mviringo kilichokuwa kimesimama jana, leo majani yamelegea. Kabla ya kutafuta dawa, shika shina karibu na udongo ulivute taratibu. Likitoka bila ubishi, mizizi imekatwa kwa mshazari na viazi vimeliwa kuanzia chini vikabaki maganda, huyo ni fuko. Likigoma kutoka na mizizi ni mizima, usimsingizie mnyama. Kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna tuta wala mtego utakaousaidia mmea huo. Shina lililokatwa sawa na uso wa udongo, mizizi ikiwa salama, ni kazi ya sota, yaani kiwavi mkata miche.

Panya shamba huacha mashimo wazi na vijia kwenye majani. Fuko haachi tundu. Utaona chungu za udongo laini tu, moja baada ya nyingine, maana njia yake huiziba kutoka ndani. Ndiyo sababu pilipili, mafuta ya taa na moshi vinavyomiminwa shimoni havimsumbui sana: akihisi hewa ngeni anasukuma udongo, anaziba, anachimba kando. Tabia hiyo ina faida kwako. Fungua njia moja kwa jembe, uiache, urudi kesho yake. Ikiwa imezibwa, ina mwenyewe. Kuweka viuatilifu vya mazao kwenye viazi na kuvifukia ni hatari isiyo na hesabu: vipande huchimbuliwa na mbwa, huokotwa na watoto, na bundi anayekula panya aliyekula sumu naye anaweza kufa.

Nyanda za juu kusini zina fuko wa aina zaidi ya moja. Wengine huishi peke yao, wengine kifamilia. Wote wanafuata mizizi na viazi vya chini ya ardhi. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, udongo hulainika na chungu huongezeka. Kiangazi kikikaza, bustani ya kumwagilia, iwe nyuma ya nyumba Uyole, Mbeya, au kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) vya Iringa, ndiyo sehemu pekee iliyobaki laini na yenye chakula. Fuko anajua.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaambiwa wainue tuta, wanainua sentimita 40, wanajaza samadi, na msimu huohuo karoti zinaliwa. Kimo peke yake hakimzuii mnyama anayetokea chini. Tuta laini bila kizuizi ni kumtengenezea barabara. Kinachofanya kazi ni wavu wa waya ulio chini ya tuta. Kimo kina kazi nyingine: kuipa mizizi nafasi juu ya wavu huo.

Nunua wavu wa waya uliochomelewa na kupakwa zinki, matundu yake yasizidi nusu inchi. Ule wa kufugia kuku, wenye matundu ya pembe sita, ni rahisi kwa bei lakini waya wake ni mwembamba na ukilaliwa na samadi mbichi hushika kutu upesi. Fuko huchimba kwa meno, si kwa kucha tu, kwa hiyo waya ulioliwa na kutu haumpi shida.

Upana wa tuta uamuliwe na upana wa wavu, si kinyume chake. Wavu wa futi 4 ni kama sentimita 120. Ukikunja sentimita 10 kila upande, unapata tuta la mita 1 kwa ndani, nalo linafikika kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga. Kwa urefu wa mita 3, kata wavu wa mita 3.2. Mbao za inchi 2 kwa 8 za futi 12 zinatosha sita, zikipangwa safu mbili kufikia kimo cha sentimita 40. Chagua zilizotiwa dawa na mtengenezaji; msindano mkavu usio na dawa ni chakula cha mchwa. Oili chafu isipakwe upande unaogusa udongo wa mboga.

Kwetua eneo hadi sentimita 10, bomoa njia zote unazozikuta, shindilia na usawazishe. Hatua hii watu huiruka. Uvungu ukibaki chini, mvua ya kwanza inaubomoa, wavu unabonyea na kuchomoka ukingoni. Simamisha fremu, tandaza wavu ndani, kunja kingo zipande kwenye mbao, pigilia misumari ya U kila sentimita 15. Ikibidi kuunga vipande viwili, vipandane sentimita 15 na uvishone kwa waya wa kufungia nondo.

Kona ndiyo mlango. Ukikata pembe ya wavu na kuitupa, unaacha nafasi ya vidole viwili ambayo huioni tena ikishafunikwa. Chana mara moja tu, kisha laza ulimi mmoja juu ya mwingine, kama unavyokunja pembe za boksi, upigilie pamoja. Vigingi vya kuzuia mbao zisitanuke vikae nje, kila mita moja. Kigingi cha ndani kinatoboa wavu.

Anayetumia matofali ya kuchoma alaze wavu kwanza na kozi (safu ya matofali) ya kwanza ikae juu yake. Kozi mbili za chini zijengwe kwa saruji, maana udongo wa kuungia unachimbika. Usitandike nailoni chini: maji yakituama, mizizi inaoza.

Tuta hili linameza mita za ujazo 1.2, yaani toroli kama 20 za lita 60. Toroli 12 za udongo wa juu, 6 za samadi iliyooza kabisa na 2 za pumba za mpunga ni mchanganyiko mzuri. Usijaze chini kwa matawi. Yakioza yanaacha mapango, na panya hupenda mapango. Udongo utashuka katika msimu wa kwanza, ongeza. Mchicha na figiri hutosheka na sentimita 30. Karoti na viazi vipe 40. Palilia kwa kijembe kifupi, usizidi sentimita 20, kwa sababu jembe kubwa linapasua wavu na hutajua hadi fuko akuonyeshe.

Panya shamba hupanda, kwa hiyo juu hapana kinga. Fyeka mita moja kuzunguka tuta, na matandazo yasining'inie ukingoni.

Miche ya parachichi ni habari nyingine. Huko wavu wa kuku ndio unaofaa: uzungushie bonge la mizizi kama kikapu cha sentimita 40 hivi. Unaulinda mche ukiwa mdogo, kisha unaoza kwa kutu mizizi inaponenepa. Wavu imara wa nusu inchi ungeikaba.