Koni ya utabiri wa kimbunga: ile ramani inayozunguka kwenye magrupu inasema nini hasa

Kila ikitangazwa kwamba kuna mgandamizo mdogo wa hewa umeanza kujikusanya huko baharini kaskazini mwa Madagascar, simu za huku Dodoma zinaanza kuita. Watu wengi hapa mjini kwao ni Kusini au visiwani, huyu mama yake yupo Kilwa Masoko, yule mume wake kahamishiwa kikazi Mtwara, mwingine anasubiri mzigo wa nazi uingie soko la Majengo, na swali linakuwa moja tu: kinaenda wapi? Hakijapewa hata jina ila watu hawalali.

Halafu kwenye grupu la familia mtu anafowadi ramani. Ina mstari katikati na eneo la rangi limeuzunguka, jembamba pale kimbunga kilipo sasa hivi halafu linazidi kupanuka kadiri siku zinavyosogea. Hiyo ndo koni ya utabiri. Na kwa ninavyoona watu wanavyoisoma, wengine inawatesa bure na wengine inawapa amani ambayo hawakutakiwa kuwa nayo kabisa, na hao wa pili ndo wananitia hofu zaidi.

Koni ni eneo ambalo wataalamu wanategemea kitovu cha kimbunga kitapita ndani yake. Kitovu tu, yani ile sehemu ya katikati ambayo upepo wote unaizunguka. Koni haisemi kimbunga kina ukubwa gani, haisemi mvua itaishia wapi, wala haisemi waliopo nje yake wapo salama. Pale inapopanuka ujue kimbunga hakijaongezeka ukubwa, uhakika wa watabiri ndo umepungua. Kituo cha Vimbunga cha Marekani, kile cha Miami, wanachora koni yao kwa kuangalia walivyokosea miaka ya nyuma, na wanasema wazi kwamba kitovu kinabaki ndani ya koni kama mara mbili katika kila tatu. Maana yake ile mara ya tatu kinatoka nje, na hilo lilishahesabiwa tangu mwanzo.

Kwa bahari yetu kazi ya kufuatilia vimbunga ipo kwa kituo cha kisiwa cha Réunion kinachoendeshwa na Météo-France, halafu TMA, yani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ndo wanatuambia sisi maana yake kwa mikoa yetu.

Sasa kwa nini koni inapanuka hivyo? Chukua lori limetoka Dodoma mjini asubuhi na hujaambiwa linaenda wapi. Baada ya nusu saa hata usipoliona unaweza kukisia vizuri, halijafika mbali. Baada ya siku mbili linaweza kuwa Dar, linaweza kuwa Kahama, linaweza kuwa limepita Kondoa likaingia Arusha. Kimbunga ndo hivyo. Utabiri wa saa 24 siku hizi unakosea kwa makumi ya kilomita tu, ila wa siku tano unaweza kukosea kilomita 300 na zaidi, na hizo ni nyingi kuliko kutoka hapa Dodoma mpaka Morogoro. Weka hilo kosa kwenye ramani ya pwani yetu uone, mstari uliochorwa Lindi unaweza kuishia Dar au ukaishia ndani kabisa ya Msumbiji.

Na kimbunga chenyewe hakijipeleki. Kinabebwa na upepo wa juu. Kukiwa na mgandamizo mkubwa wa hewa wenye nguvu upande wa kusini yake, kinasukumwa kuja magharibi, huku kwetu. Ule mgandamizo ukilegea kidogo tu kinapata upenyo kinakata kona kushuka kusini. Freddy wa 2023 alipita Madagascar, akaingia Msumbiji mwezi wa pili, akarudi baharini, akajipanga upya akaingia Msumbiji tena mwezi wa tatu na kwenda kuua watu wengi Malawi, nchi ambayo haina hata bahari.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni kile cha mwanzo kabisa, ambacho ndo kipindi watu wanapanda presha. Pale bado ni mawingu na ngurumo zimetawanyika, kitovu hakijajifunga. Kompyuta za utabiri lazima zianze na sehemu kilipo kitovu ili zihesabu kinaenda wapi, sasa kama hata hicho kitovu hakijulikani vizuri kila hesabu inaanzia sehemu yake na majibu yanatawanyika, moja inakupeleka Mafia nyingine Comoro. Kwa hiyo ukiona mstari mmoja umenyooka mpaka Mtwara kwa kitu ambacho bado ni mgandamizo tu, huo mstari ni jibu moja kati ya mengi na mtu kauchagua kwa sababu unatisha. Subiri kwanza. Jina huwa linatolewa upepo ukifika kama kilomita 63 kwa saa, na hapo mara nyingi kitovu kinakuwa kimeshajulikana na koni inaanza kuwa na maana.

Haya, tuje kwenye lile kosa la pili, la kusema "kwetu mstari haupiti".

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kinasogea kwenye pwani yetu, boti za Dar na Zanzibar zikasitisha safari, na usiku wa Mei 4 TMA wakatangaza kimepoteza nguvu baada ya kufika Mafia. Watu wakapumua, wengine wakaanza kusema mbona hamna kitu. Lakini mvua iliyomwagika Kilwa ndo ikafanya kazi yake, barabara kuu ya Kusini ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa haifikiki kwa barabara hiyo kutoka Dar. Huo uharibifu hukuwa unauona kwenye mstari wowote wa ramani, kwa sababu mstari unafuata kitovu na maji hayana habari na kitovu.

Kuna na upande wa pili. Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wajihadhari na Kenneth, Kenneth akaingia kusini ya mpaka, Cabo Delgado ya Msumbiji, akaharibu vibaya sana huko. Aprili 2021 Jobo alikuwa anakuja pwani yetu akachoka kabla hajafika. Baada ya hapo maneno yakawa mengi kwamba TMA wanatishia watu. Mi hilo linaniuma kweli, kwa sababu Mtwara na Cabo Delgado ni majirani wa kuvuka mto Ruvuma tu, kwa kimbunga huo umbali ni mdogo sana, na wale wenzetu wa ng'ambo walipata kile kile ambacho sisi tuliambiwa tujiandae nacho. Koni ilikuwa sahihi. Na tusidanganyane kwamba sisi hatufikiwi: Zanzibar ilipigwa 1872 mikarafuu ikaangushwa, Lindi ikapigwa 1952. Ni kweli ukikaribia ikweta vimbunga vinakuwa vichache maana mzunguko wa dunia hausaidii upepo kujizungusha vizuri, ila uchache haumaanishi havipo.

Mama mdogo wangu wa Kilwa aliwahi kunitumia skrinishoti na sauti juu yake, "mwanangu, mbona huu mstari umetuelekea sisi, jana ulikuwa Comoro?" Nikaikuza ile picha, juu imekatwa, tarehe hamna, saa hamna. Nikamwambia mama tafuta kwanza yenye saa. Ramani hizi zinatolewa upya kila baada ya masaa sita, na saa zake zinaandikwa kwa Z mwishoni, unaongeza masaa matatu kupata saa zetu. Kwa hiyo 06Z ni saa 3 asubuhi, 12Z ni saa 9 alasiri, 18Z ni saa 3 usiku. Ramani ya juzi leo haina kazi hata kama imechorwa na kituo kikubwa kiasi gani. Tulipopata ya siku ile mstari ulikuwa umeshahama tena.

Kwa mtu wa pwani, kinachomhusu zaidi ni zile rangi za TMA kwa mkoa wake: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Zile zinazungumzia upepo mkali, mawimbi na mvua pale alipo yeye, hata kitovu kikiwa mbali. Mvuvi akisikia mawimbi makubwa hana haja ya kuuliza koni imefika wapi, anavuta chombo juu.

Na kwa sisi wa huku kati wenye safari au mizigo ya Kusini, kimbunga kikishapita ulizia barabara kwanza kwa madereva waliotoka huko siku hiyo, hasa kipande cha Somanga, kabla hujakata tiketi.