Albamu ya waigizaji wa awali ni nini?

Ukitafuta nyimbo za mchezo wa muziki wa My Fair Lady mtandaoni utakuta albamu mbili. Moja ni ya mwaka 1956, na anayeimba kama Eliza, mhusika mkuu, ni Julie Andrews. Nyingine ni ya filamu ya 1964: aliyeigiza Eliza ni Audrey Hepburn, lakini sehemu kubwa ya uimbaji ni sauti ya Marni Nixon, ambaye kwenye filamu hiyo humwoni kabisa. Ile ya kwanza ndiyo albamu ya waigizaji wa awali. Ya pili ni muziki wa filamu, basi.

Waigizaji wa awali ni wale waliofungua mchezo Broadway, yaani katika kumbi kubwa za New York zenye viti 500 na kuendelea. (Nyingi, kwa kweli, haziko kwenye barabara ya Broadway yenyewe, zimejipanga kwenye mitaa inayoikata.) Mchezo ukidumu, waigizaji hubadilika: huyu mkataba umekwisha, yule kapata filamu. Nafasi inarithiwa, lakini sauti iliyobaki kwenye santuri ni ya yule wa kwanza, na kila anayemfuata hupimwa kwake.

London walikuwa na mazoea haya ya kuwarekodi waigizaji wenyewe mapema. Marekani, nyimbo za jukwaani zilikuwa zikirekodiwa zaidi na waimbaji wenye majina ambao kwenye mchezo wenyewe hawakuwemo. Mwaka 1943 kampuni ya Decca iliwaingiza studio Alfred Drake na wenzake wa mchezo wa Oklahoma!, pamoja na kwaya na okestra yao. Zikatoka santuri sita ndani ya jalada moja. Upande mmoja ulibeba dakika tatu na ushei tu, kwa hiyo nyimbo zilipunguzwa zienee. Santuri ndefu ya 1948 ndiyo iliyoondoa taabu hiyo, na biashara ikanoga hadi CBS, kampuni ya utangazaji iliyomiliki kampuni ya santuri ya Columbia, wakaugharimia mchezo wa My Fair Lady.

Wengi hudhani albamu hizi hurekodiwa ukumbini, watazamaji wakiwepo. Sivyo. Kwa desturi waigizaji waliitwa studio siku yao ya mapumziko, mara nyingi Jumapili, na siku moja ya kurekodi hulipwa mshahara wa wiki nzima. Ndiyo maana mzalishaji hutaka yote yaishe siku hiyo hiyo. Mei 1970, kwenye kurekodi mchezo wa Company, mwigizaji Elaine Stritch aliachiwa wimbo wake mkubwa hadi usiku wa manane, na sauti ikamgomea. Akarudia, akarudia tena, haikukaa. Ikabidi okestra irekodiwe peke yake, naye akarudi siku nyingine, amepumzika, akauimba juu ya muziki ule. Wasikilizaji wanaousifu leo kwa ukali wake wanasikia uimbaji wa siku hiyo ya pili. Kamera ya D. A. Pennebaker, mtengenezaji wa filamu za matukio halisi, iliyanasa yote.

Kinachopotea kwenye albamu ni dansi, vicheko na mazungumzo. Albamu ya mchezo wa Hamilton ya 2015 imeponea hapo, maana karibu mchezo wote unaimbwa. Ukiwa na albamu unao takriban mzima. Mtunzi wake, Lin-Manuel Miranda, aliacha nje kipande kifupi kimoja makusudi, pale mhusika Hamilton anapopata barua ya kifo cha rafiki yake John Laurens, ili anayekwenda ukumbini akute jambo ambalo hajawahi kulisikia.