Je, wajua? Sokwe hana nguvu za watu watano

Ubishi wa kijiwe cha kahawa Kariakoo ukishahama kutoka Simba na Yanga hadi kwa wanyama, haipiti muda utasikia sokwe mtu mmoja ana nguvu za wanaume watano. Wengine hupandisha hadi wanane.

Hesabu hiyo ina chimbuko. Miaka ya 1920 huko Marekani, mtafiti John Bauman aliwavutisha sokwe wa bustani ya wanyama kamba yenye kipimo, na jike mmoja, Suzette, akasomeka zaidi ya kilo 570. Kasoro iko kwenye upimaji wenyewe. Sokwe huwezi kumwambia avute kwa utaratibu. Akikamata kamba kwa mikono miwili, akakita miguu kwenye nondo na kujitupa nyuma mzimamzima, kipimo kinasoma mapaja, mgongo na uzito wa mwili, si mkono peke yake. Mtafiti mwingine, Glen Finch, aliporudia upimaji huo mwaka 1943, maajabu yale hayakuonekana: sokwe walivuta karibu sawa na wanaume waliowazidi uzito.

Kilo kwa kilo, majaribio kwa wastani huangukia kwenye mara 1.5 hivi. Dume la Gombe, kule Kigoma, lina kilo 40 hivi. Zidisha, unapata 60. Kwenye kuvuta kamba, basi, anatoshana na kijana mwembamba wa Manzese. Si haba, lakini watano wako wapi?

Ziada hiyo inatoka kwenye nyuzi za misuli. Kuna nyuzi za kasi na nyuzi za polepole, kama moto wa makuti na moto wa mkaa. Makuti hulipuka mara moja na kuisha. Mkaa hauna mbwembwe ila ndio unaoivisha maharage. Utafiti wa 2017 ulikuta kwa sokwe theluthi mbili hivi ni makuti, wakati misuli yetu imeelemea mkaa. Tena nyuzi zake ni ndefu. Panga watu kumi walioshikana mikono, wote wakunje viwiko kwa pamoja: mtu wa mwisho atasogea mbali kuliko kama wangekuwa watano, kwa sekunde ileile. Urefu, basi, unazaa kasi. Watafiti walikokotoa kuwa msuli wake hutoa nguvu mara 1.35 ya wetu wenye ukubwa uleule, ingawa sampuli zilitoka kwa sokwe wachache.

Usimchokoze lakini. Kupigana si kuvuta kamba: ana chonge, hulenga vidole na uso, na miguu yake hushika kama mikono, kwa hiyo ukimdhibiti miwili imebaki mingine miwili.

Ila mpeleke akashushe magunia ya kilo 100 pamoja na makuli, kuanzia alfajiri. La kwanza atalivuta kwa fujo. La tano atalikalia.