Kiwango cha R ni nini kwa anayelala kwenye bembea

Kiwango cha R ni namba inayoonyesha godoro la kambi linavyozuia joto la mwili lisipotee. Namba ikiongezeka maradufu, joto linalopenya godoroni hupungua kwa nusu. Godoro la kujaza upepo lisilo na kitu ndani huwa karibu na 1, sponji nyembamba ya kukunja karibu na 2, na yale ya upepo yenye kinga ya joto ndani huanzia kama 3 kwenda juu. Ukipanga mawili, moja juu ya jingine, namba zao zinajumlishwa.

Mtu wa Lamu au Malindi atauliza haya yanamhusu nini, na usiku wa Julai kwetu ni nyuzi 22 au 23 hivi. Yanamhusu sana. Ngozi ya binadamu ina nyuzi kama 33, na kusi ikivuma kutoka baharini usiku kucha, bembea ya kitambaa iliyofungwa kwenye mivinje hupigwa na upepo hadi chini. Ikifika saa tisa usiku unajiongezea shuka, lakini mgongo bado unazizima. Kinachotia joto ni hewa iliyotulia ndani ya shuka au begi la kulalia, na ile sehemu unayoilalia umeshaifinya hewa yake yote. Ni sawa na kulala kwenye kitanda cha kamba kisicho na jamvi: wakati wa kaskazi ni raha tupu, wakati wa kusi hupati usingizi.

Tangu kipimo cha F3340 cha ASTM, shirika la viwango, kitolewe mwaka 2018, watengenezaji wengi wanapima R kwa njia moja. Godoro huwekwa kati ya bamba la joto na bamba la baridi, kisha hupimwa nguvu ya umeme inayohitajika ili lile la joto lisipoe. Kwa mtu wa bembea, jambo la kuzingatia ni kwamba godoro hupimwa likiwa limenyooka. Kwenye bembea linajikunja, kitambaa kinakubana pande zote mbili, na mabega yanatokeza nje yakagusa kitambaa kitupu. Hapo begani R ni karibu na sifuri, hata kama umelipia godoro la 5. Ndiyo maana naona upana wa godoro ni muhimu sawa na namba yake. Ukikosa godoro pana, kata kipande cha sponji ukilaze kwa upana penye mabega.

Bembea ya kitambaa cha tabaka mbili inasaidia sana, kwa sababu godoro huingizwa katikati na haliponyoki unapogeuka. Lala mshazari, mwili utanyooka na godoro halitajikunja sana. Usilijaze upepo likawa gumu. Ukishalala, fungua kizibo kidogo kidogo mpaka lifuate umbo la mgongo, lakini makalio yasigusane na kitambaa cha chini.

Kwa fukwe zetu sponji ya 2 inatosha: bei yake ni nafuu na mwiba hauiharibu. Godoro lenye kinga liwekee safari za bara. Kila ukipanda mita 1000 joto hushuka kama nyuzi 6, kwa hiyo aliyezoea 23 za Malindi, akifunga bembea msituni Mlima Kenya karibu na mita 3000, atakutana na nyuzi 5 au pungufu. Huko tafuta 4 au 5.

Wengine hutundika mfarishi nje, chini ya bembea. Kwa kuwa hakuna anayeulalia, hewa yake haifinywi, na mabega nayo yanafunikwa. Kwa starehe unalishinda godoro. Ila ukikosa miti, labda kwenye vilima vya mchanga vya Shela, mfarishi wa kutundika haukusaidii, na godoro unalitandika ukalala.