Hewa ya juu ya bawa haina miadi na hewa ya chini

Jamani, hii ya kwamba ndege inanyanyuka kwa sababu "hewa ya juu ya bawa inakimbia ili iwahi kukutana na ya chini" nimeisikia tena juzi, darasani, kwa mwanafunzi wa urubani ambaye yuko vizuri tu, na aliisema kwa kujiamini kabisa maana ndivyo alivyofundishwa shule. Basi naiandika yote hapa, mtu akiniuliza tena namtumia linki.

Maelezo yenyewe mnayajua. Bawa limebinuka juu, kwa hiyo njia ya juu ni ndefu, hewa iliyogawanyika mbele lazima ifike nyuma kwa pamoja, ya juu inaongeza spidi, spidi ikipanda presha inashuka, ndege inanyanyuka. Ile ya spidi na presha ni kweli, ndiyo kanuni ya Bernoulli, sina shida nayo. Shida yangu ni hiyo "lazima". Nani kasema lazima? Hakuna sheria ya fizikia inayoidai hewa ikutane tena na mwenzake. Pitisha moshi kwa vipande vipande kwenye handaki la upepo (bomba la kupulizia hewa kwenye bawa la majaribio) uone mwenyewe: wa juu unafika nyuma mapema, tena kwa mbali, wa chini bado unajikokota, na hawakutani tena.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nadharia hii inaikataa hata ndege ya Orville na Wilbur Wright, wale ndugu wawili wa Marekani waliorusha ndege ya kwanza yenye injini. Tazama picha zake vizuri. Mabawa ni kitambaa kilichovishwa kwenye mbavu nyembamba za mbao, juu yamepinda na chini yamepinda vilevile, yaani njia ya juu na ya chini zinakaribia kulingana. Kwa hesabu ya kukutana nyuma ile ndege isingetoka chini, lakini tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, Marekani, ilitoka, Orville sekunde 12 na mita kama 36, na kwenye safari ya nne siku hiyohiyo Wilbur akakaa hewani sekunde 59 akaenda mita 260. Na ndege za sarakasi je, ambazo mabawa yake juu na chini ni sawasawa na zinaruka hata kichwachini?

Ukweli ni kwamba bawa linaikuta hewa kwa pembe, hewa inapinda kulifuata, ya juu na ya chini zote, inatoka nyuma ikiwa imeelekezwa chini. Bawa linasukuma hewa chini, hewa inasukuma bawa juu. Na hewa haipindi bure, ili ipinde lazima presha iwe ndogo upande wa ndani wa kona, ndiyo maana juu ya bawa presha inashuka. Wanaobishana kama ni Newton (hewa kusukumwa chini) au ni Bernoulli (presha kushuka juu) wanapoteza muda wao, ni jambo lilelile limehesabiwa kwa njia mbili.

Tena tofauti ya presha yenyewe ni kidogo mno. Ile ndege ya Wright pamoja na rubani ilikuwa kama kilo 340, mabawa mita za mraba 47, piga hesabu utapata kama kilo 7 kwa kila mita ya mraba. Haifiki hata sehemu 1 kati ya 1,000 ya presha ya hewa inayotuzunguka hapa chini.

Sasa ukinibana, kwa nini hewa ya juu inalifuata bawa badala ya kupita moja kwa moja, hapo vitabu vinaruka haraka sana na mimi sipendi. Spidi inapanda kwa sababu presha imeshuka, presha imeshuka kwa sababu hewa inapinda, na inapinda kwa sababu ya presha, unazunguka tu. Hesabu za Kutta na Zhukovsky, wataalamu waliokokotoa nguvu ya kunyanyua ya bawa, zinatoa majibu mazuri, ila ndani yake tunaiamuru hewa iachane na bawa vizuri kwenye ukingo wa nyuma. Msuguano wa hewa ndio unaofanya hivyo kweli, na hesabu hizo msuguano hazina. Sijapata sentensi moja fupi inayosema haya yote bila kudanganya kidogo.

Wright wenyewe nguvu ya kunyanyua waliipima. Ndege yao ya 1901 isiyo na injini ilinyanyua kama theluthi ya walichotarajia, wakatengeneza handaki lao la upepo, boksi la mbao lenye feni, mizani ya kupimia ndani yake wakaiunga kwa vipande vya misumeno na spoku za baiskeli, wakajaribu maumbo ya mabawa kama 200. Kumbe namba ya Smeaton, ya kukadiria nguvu ya hewa kwenye bawa, 0.005, iliyotumika tangu karne ya 18, ilikuwa kubwa mno. Wao walipata kama 0.0033.

Na msiniambie haya ni ya darasani tu. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka na ndege zisizo na injini, alikuwa ameshapaa mara kama 2,000, lakini Agosti 1896 pua ya ndege yake ilinyanyuka, ikapoteza mwendo, ikaanguka, akafa kesho yake. Ukizidisha pembe, kwa mabawa mengi ni kama nyuzi 15 hivi, hewa ya juu inaacha kulifuata bawa na nguvu ya kunyanyua inaporomoka. Umbo halijabadilika, njia ya juu bado ni ndefu kama mwanzo, na ndege inashuka. Rubani anayeamini njia ndefu hapo anavuta usukani apande, wakati anatakiwa kuusukuma mbele pua ishuke, hewa ilishike bawa tena.