“Muone macho!”: Tunavyodanganywa na tamthilia za upelelezi

Kwenye kibanda umiza kimoja pale Mwanjelwa, Mbeya, baridi ya Julai imekamata, watu wamejikunyata ndani ya makoti wanafuatilia tamthilia ya upelelezi. Steringi hajasema neno. Anamkazia macho mtuhumiwa, kamera inasogea hadi kwenye kope, kope inacheza. Kabla DJ hajatafsiri lolote, mzee wa benchi la nyuma ameshatoa hukumu: “Ndiye huyo. Muone macho!” Kibanda kizima kinaitikia.

Dhana ya kwanza ndiyo hiyo: mwongo hujulikana usoni. Ukweli ni kwamba hatujui kumtambua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi wakakuta watu hupatia kwa wastani asilimia 54, yaani wanaizidi shilingi ya kurushwa kwa kidogo tu. Wanaofanya kazi ya kuhoji watu hawakuonekana kuwa hodari zaidi. Na huku kwetu mtoto aliyefunzwa adabu huinamisha uso akisemeshwa na mkubwa. Kwa kipimo cha steringi, nusu ya Rungwe ingekuwa ndani.

Dhana ya pili imeniponza mwenyewe: aliyeona kwa macho yake hakosei.

Nilikwapuliwa simu karibu na kituo cha daladala Kabwe. Saa moja na nusu usiku, umeme umekatika, ukungu umeshuka. Mwizi nilimwona kufumba na kufumbua. Kesho yake nikamnyooshea kidole kijana wa bodaboda mwenye jaketi la kijani, na ningeapa kwa kitabu chochote. Kumbe saa ile alikuwa amempeleka mjamzito hospitali, na mume wa yule mama alikuwa palepale kijiweni. Nilichokiona mimi ni jaketi. Uso niliuongeza baadaye, nikiwa kitandani nimeudhika. Hadi leo nikimwona yule kijana nabadilisha njia, kwa sababu neno “mwizi” likishatamkwa kijiweni halingoji hakimu.

Wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walilionyesha jambo hili mwaka 1974. Waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa mwendo wa magari “yalipogongana”, jingine “yalipopondana”. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo, lakini 16 kati ya 50 wa “yalipopondana” walisema waliviona, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi lile jingine. Neno moja tu la muulizaji.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo ilishaliona. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980 ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kufananisha watu uwe umeondolewa. Shahidi alikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Mwanga ulikuwaje? Alikuwa anamfahamu kabla? Mimi ningefeli maswali yote manne.

Dhana nyingine: muuaji katili ni kichaa. Hapa tamthilia huchanganya watu wawili. Mwenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, huweza kusikia sauti zisizokuwepo, na wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa. Saikopathi anajua vizuri anachofanya, ila hakimuumi. Orodha ya mwanasaikolojia Robert Hare ya kumpimia saikopathi ina vipengele 20, na kusikia sauti si kimojawapo. Halafu ile ya “atajifanya kichaa aachiwe” nayo si kweli. Hapa Tanzania, mtu akithibitika alitenda kosa akiwa hana akili timamu, harudi nyumbani. Huzuiliwa kama mgonjwa, na mahali tunapopajua wengi ni Isanga, kule Dodoma.

Na mpelelezi anayeangalia maiti akataja umri wa muuaji na ugomvi wake na mama yake? Kitengo cha kuchunguza tabia cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kilianza mwaka 1972, na kitabu chake mashuhuri kilitokana na mahojiano na wauaji 36. Wote walikuwa gerezani Marekani, yaani wale waliokamatwa. Wasifu wa namna hiyo unaweza kupunguza eneo la kutafuta. Jina hautoi.

Pale kibandani, dakika tano za mwisho zilionyesha muuaji alikuwa daktari mpole, yule ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Mzee wa benchi la nyuma akavuta koti, akasimama.

“Sawa,” akasema, “lakini yule wa kwanza naye macho yake hayakuwa mazuri.”