Mbawakawa anayejifanya sisimizi

Cyrtophorus verrucosus ni mbawakawa wa familia ya Cerambycidae, wale wenye vipapasio virefu. Kwao ni mashariki mwa Amerika Kaskazini, na Olivier, mtaalamu wa wadudu kutoka Ufaransa, ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1795. Ana urefu wa milimita 6 hadi 11 hivi. Akikimbia juu ya ua, utaapa kwamba ni sisimizi.

Kinachonivutia zaidi ni kiuno chake. Sisimizi amebanwa katikati hadi amebaki uzi. Mbawakawa hawezi kubanwa hivyo, kwa sababu mabawa magumu ya juu yamemfunika mgongo kuanzia mabegani karibu hadi mwisho wa mwili. Basi huyu amechorewa kiuno. Ukimtazama chini ya lenzi utaona mistari ya vinyweleo vyeupe ikikatiza mshazari juu ya mabawa yenye rangi ya kahawia na nyeusi. Kwa mbali mistari hiyo inaukata mwili vipande, na jicho linaona mwili umegawanyika ilhali ni mzima. Karibu na mabega, kila bawa lina kinundu, kwa hiyo hata mgongo unapanda na kushuka.

Umbo peke yake lisingetosha. Huyu hukimbia haraka haraka, na kwa maoni yangu mwendo huo ndio unaoikamilisha kazi: mfu aliyedungwa pini hadanganyi sana, aliye hai anadanganya.

Anafaidika nini? Ndege na wadudu wawindaji wengi huwakwepa sisimizi, maana wanauma, wengine wanarusha asidi, na ukimgusa mmoja wenzake wanakuja. Henry Walter Bates, mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, alieleza jambo hili mwaka 1862: asiye na silaha hulindwa kwa kufanana na mwenye silaha. Ulinzi huo unamfaa hasa huyu, kwa kuwa akishakomaa hushinda mchana kweupe kwenye maua ya majira ya kuchipua. Buu lake halihitaji kujifanya chochote. Limejificha ndani ya mbao kavu za mialoni na miti mingine ya majani mapana.

Ukitaka kuwatenganisha, angalia vipapasio. Cha sisimizi kina pingili ndefu ya kwanza, kisha kinapinda kama kiwiko. Cha mbawakawa huyu hakina kiwiko. Na ukimsogelea mno, ataruka kwa mabawa, jambo ambalo sisimizi mfanyakazi hawezi.